Waliulizwa Wanaume Sokoni

Kaluki aliyasoma makala yake ya kwanza ya kitaaluma vile alivyofundishwa nyumbani kulisoma Neno: kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka, kalamu ya manjano mkononi. Alipomaliza, karatasi zote zilikuwa za manjano na kichwani hamkuwa na kitu. Akaanza tena.

"Wewe unasoma ama unapaka nyumba rangi?" Kanyiva akamuuliza.

Walikuwa katika maktaba ya chuo chao katika mji wa Wote, kila mmoja akiwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kilimo na mifugo. Kanyiva alikuwa na mdomo wa kutosha watu wawili, na pengine ndiyo sababu walipatana, maana Kaluki hakuwa nao kabisa.

"Nimerudia mpaka macho yanauma," Kaluki alisema. "Sielewi."

"Kwa sababu unasoma kama Biblia. Haya yameandikwa na watu, tena watu waliokuwa na haraka zao. Lete hapa. Soma muhtasari. Sasa ruka uende mwisho, uone wanadai nini."

"Niruke?"

"Ruka! Hakuna moto utakaokuchoma. Umeona wanachodai? Sasa rudi katikati, pale wanapoeleza kazi waliifanya vipi. Waulize wamejuaje. Waliongea na nani? Wapi? Lini?"

Makala yenyewe yalihusu mbuzi wa kaskazini mwa Kitui. Daktari Githaiga, msimamizi wake, ndiye aliyempa ili ajenge juu yake pendekezo lake la utafiti. Mwishoni yalidai kwamba katika nyumba za wafugaji wa huko wanawake hawana sauti katika kuuza mifugo, kwa hiyo mafunzo ya biashara wapewe wanaume. Sentensi hiyo Kaluki alikuwa ameipaka manjano na kuichorea nyota pembeni.

Sasa akarudi katikati, kidole juu ya karatasi. Wahojiwa, yalisema makala, walipatikana katika soko la mifugo, siku ya soko, miongoni mwa watu walioleta mbuzi kuuza.

Kidole kikasimama. Kaluki alizaliwa Tseikuru, huko huko kaskazini mwa Kitui. Kwao ni baba aliyepeleka mbuzi sokoni, na huko alisema "mbuzi wangu" kwa sauti kubwa. Lakini hakuna mbuzi aliyewahi kutoka zizini kabla mama yake hajasema, jioni ya kuamkia soko, akikoroga muthokoi wa mahindi na maharagwe jikoni, ni yupi aende na ni yupi abaki.

"Waliulizwa wanaume sokoni!" akasema, kwa sauti iliyomfanya mtunza maktaba ainue kichwa. "Kanyiva, wamesimama mahali wanawake hawapo, kisha wakaandika kwamba wanawake hawapo!"

Kwa hiyo katika pendekezo lake akaandika sentensi moja: dai hili halijathibitishwa, kwa kuwa wanawake hawakuulizwa.

Daktari Githaiga alipoifikia akaikata kwa kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka wanafunzi wake wapite, basi.

"Haya makala yamepitiwa na wataalamu, Kaluki. Yananukuliwa kila mahali. Wewe hata hujahitimu. Toa hii kitu, jopo likupitishe, uvae joho na wenzako. Ugomvi utaufanya ukiwa na digrii."

Kaluki alirudi chumbani akaifuta. Akakaa akipatazama mahali ilipokuwa. Ilikuwa kana kwamba amemtoa mama yake jikoni kwake kwa mkono wake mwenyewe. Akairudisha, na safari hii akaongeza namba ya ukurasa, ili mwenye shaka aende akajionee.

Siku ya jopo mwenyekiti alikuwa Daktari Mbugua. Alisoma sentensi ile kwa sauti, akashusha miwani.

"Na nani alikwambia wanawake hao huamua? Mama yako?"

Watu wakacheka. Kaluki akasogea mbele. Akashika kona ya meza.

"Ndiyo, mama yangu. Na najua mama mmoja si utafiti. Ndiyo maana sijaandika kwamba wanaamua, Daktari. Nimeandika kwamba hawakuulizwa. Namba ya ukurasa iko hapo. Si maneno yangu, ni yao."

Mwenyekiti hakufungua ukurasa wowote. "Binti, futa hiyo sentensi sasa hivi tukupitishe. Ukikataa, utakuja kikao kijacho, na mahafali ya mwaka huu usahau."

Nyuma ya mwenyekiti, Daktari Githaiga alikuwa akichora hewani kwa kidole: futa, futa. Kaluki alimhurumia. Alijihurumia pia. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

"Nitakuja kikao kijacho."

Kanyiva alikuwa akimngoja mlangoni. "Wamekupitisha?"

"La."

"Umefuta?"

"La."

"Wee! Na vile unaogopa hata jogoo!"

Wiki iliyofuata Kaluki alikuwa kwao Tseikuru kuyajaribu maswali ya utafiti wake kabla ya kikao kijacho. Alianzia boma la Mumbua, mama ambaye hawakujuana. Mumewe, Musyoka, akaleta kigoda chake akakiweka katikati yao.

"Mama," Kaluki akauliza, "mkitaka kuuza mbuzi, nani huchagua wa kuuzwa?"

"Mimi," akajibu Musyoka.

"Asante, baba. Nimemuuliza mama."

Mumbua akainamia kunde alizokuwa akichambua. "Si umemsikia mzee. Ni yeye."

Kaluki akachukua kalamu. Akiandika hivyo, makala yameshinda, na yeye amekosa mahafali bure. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi alipojiuliza swali lile lile alilowauliza wenye makala: jibu hili limepatikana vipi, na nani alikuwa amekaa hapo?

Akaweka kalamu chini.

"Baba, naomba utupishe kidogo. Wewe nitakuuliza peke yako, na mama peke yake."

"Unanifukuza kwangu?"

Zamani angeomba radhi hapo hapo, aage, aende zake. "Kidogo tu, baba," akasema, wala hakuinuka.

Musyoka akamgeukia mkewe amtetee. Mumbua hakuacha kuchambua.

"Nenda, baba Mwangangi. Kaangalie watoto wa mbuzi, wasije wakamaliza maziwa."

Akaenda. Mumbua alimsindikiza kwa macho hadi alipopita zizi, akasogeza ungo pembeni, akafuta mikono kwa leso.

"Haya, mwanangu," akasema. "Uliza tena."