Kopa Tano za Mzee Habonimana

Mwalimu Dafroza alikuwa amecheza briji, mchezo wa karata wa watu wanne, kwa miaka mitatu, yote kwenye simu, na watu asiowajua. Siku aliposikia kuwa kijijini Keza kuna mzee anayeujua mchezo huo, alichukua bodaboda kutoka Murukulazo jioni hiyohiyo, nguo zake za kazi zikiwa bado zina chaki.

Mzee Habonimana, muuguzi mstaafu, aliitikia shikamoo yake na kumpa kiti.

"Nimecheza na mke wangu tu," alisema. "Daktari tuliyemfanyia kazi kule Burundi ndiye aliyetufundisha. Tangu nimzike Nyirabahizi sijashika karata."

Dafroza alirudi Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne, mzee alikubali waende Nyakanazi wakacheze na Aristides, mwenye nyumba ya wageni karibu na njia panda, na dada yake Anneth. Ndani ya basi Dafroza alitaka wapatane mambo machache.

"Nikikuuliza una ree ngapi, utanijibu?"

"Nitakujibu."

"Ile njia ya kawaida?"

"Ya kawaida," alisema mzee, akageukia dirishani.

Walicheza mchana, kwenye baraza, malori yakinguruma upande wa pili wa uzio. Dafroza na mzee walikaa wakitazamana, na ndugu wale wawili vivyo hivyo. Saa mbili zilipita bila jambo la maana. Ndipo Dafroza akagawiwa karata ambazo hakuwahi kuziona mkononi mwake: shupaza tano zenye ree, mfalme na jeki, ree na mfalme wa uru, mfalme na malkia wa pau.

Katika briji, kabla ya kucheza, watu hunadi: kila mmoja hutaja rangi, yaani shupaza, kopa, uru au pau, anayotaka iwe turufu na idadi ya mizunguko anayoahidi kushinda juu ya sita ya kwanza. Karata za mwenzako huzioni, unamsikia tu anavyonadi. Dafroza alinadi shupaza moja. Mzee akajibu shupaza tatu, yaani na yeye anazo nyingi. Dafroza akanadi "bila turufu nne", ambayo ni namna ya kuuliza kuhusu karata kubwa kuliko zote: mwenzangu, una ree ngapi?

Mzee alizitazama karata zake kwa muda. Uso ukamlainika.

"Kopa tano," akasema.

Kwa njia aliyoijua Dafroza, kopa tano ni ree mbili. Zake mbili, za mzee mbili, zote nne ziko kwao. Angeweza kuahidi mizunguko yote kumi na mitatu. Lakini ule uso wa mzee ulimtatiza, asijue kwa nini, akaishia kwenye slamu ndogo, mizunguko kumi na miwili.

"Shupaza sita."

Aristides ndiye aliyepaswa kuanza. Akaweka mezani ree ya pau.

Dafroza aliiangalia. Akazirudia karata zake, moja moja: ree ya shupaza, ree ya uru. Akahesabu tena. Zake mbili, za mzee mbili, na hii ya tano. Akaanza kufikiri kwamba karata zile kuukuu zimechanganywa na za pakiti nyingine. Akamtazama mzee, lakini mzee alikuwa anapanga karata zake wazi mezani, maana aliyetangulia kunadi turufu ndiye huzicheza karata zake na za mwenzake. Kulikuwa na ree ya kopa. Basi. Ree moja.

Mwenye karata wazi haulizwi kitu hadi mchezo uishe.

Mzunguko mmoja ulikwisha kwenda kwa Aristides. Iliyobaki yote ilikuwa yake, isipokuwa jambo moja: malkia wa shupaza hakuwa kwake wala kwa mzee. Aristides akacheza pau tena, Dafroza akaichukua kwa mfalme. Akacheza ree ya shupaza. Ndugu wote wawili wakaangusha ndogo. Akavuka upande wa mzee kwa ree ya kopa, akaita shupaza kutoka pale. Anneth akaweka nane.

Ilibaki shupaza moja tu nje, na ndiyo malkia. Kama yuko kwa Anneth, jeki ya Dafroza ingetosha. Kama yuko kwa Aristides, ni lazima aweke mfalme. Darasani angesema hesabu inaelemea kidogo kwa mfalme. Hapo barazani, baada ya kukosea kuhesabu ree nne, hakuiamini hesabu yoyote. Aliweka mfalme kwa sababu kidole kilikuwa tayari juu yake.

Aristides akamtoa malkia taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

Mizunguko kumi na miwili. Anneth alimpa mkono. Aristides akauliza, bila hasira, "Lakini mzee, ulisema ree mbili."

"Sikusema mbili," alijibu Mzee Habonimana, naye akionekana kushangaa. "Nilisema kopa. Ninayo ree ya kopa, ile pale."

"Mzee," Dafroza alisema, "kopa tano ni idadi."

"Kwetu ilikuwa jina. Nyirabahizi akiniuliza, namtajia ile niliyo nayo." Akaigusa ree ya kopa kwa kidole. "Nilidhani watu wote wanafanya hivyo."

Dafroza hakujua afurahi au aone aibu. Ushindi ulikuwa wao, na alikuwa ameufikia kwa jibu la swali ambalo hakuuliza.

"Na mtu akiwa na mbili," aliuliza, "mlikuwa mnasemaje?"

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Hapo tulikuwa tunagombana."

"Basi leo tutumie ipi? Yenu au yangu?"

"Tumia yoyote, Mwalimu. Mimi nitajitahidi kuelewa."

Anneth alikuwa ameanza kugawa. Dafroza alifungua karata zake, akaziona ree mbili, na hakuwa na hakika hata kidogo kama akiuliza ataelewa jibu.