Shikamoo ya Shangazi

"Rudia, mama. Magoti kwanza, ndipo makofi," alisema Victor, mwenye kambi ya watalii. "Na usikunje uso."

Shangazi Silvana alishika goti la kulia, akajishusha polepole kwenye changarawe za lango. Upepo wa kijiji cha Pito ulikuwa ukimpeperushia kitenge kipya cha sare. Akapiga makofi. Mpiga picha akasema jua limejificha, asubiri hapohapo chini.

Herieth alisimama pembeni na kompyuta yake kifuani, akitamani ardhi ipasuke immeze. Kila kitu pale langoni alikibuni yeye. Jina la kambi lilikuwa Matuta. Nembo yake ilikuwa miduara mitatu ya kijani, aliyoichora akikumbuka matuta ya mviringo ambamo Shangazi alikuwa akifukia majani yaoze, apande maharage, na msimu mwingine ulezi. Shamba lenyewe lilikuwa pale pale, chini ya vibanda vya wageni. Kikao cha kijiji kiliamua kuwa ni pori, likapewa kambi. Herieth alipopewa kazi, shamba lilikuwa limeshakwenda. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na aibu haikupungua.

Na ni yeye aliyeandika kwenye mpango wa kambi: kila mgeni, hata awe mtoto, apokewe kwa desturi ya Wafipa, kama mkubwa wa nyumba, kwa magoti, makofi na shikamoo. Kichwani mwake aliona wasichana wa mjini. Victor alitaka vikongwe. Na nani angekuja kuomba kazi langoni, kama si aliyebaki bila shamba? Mchuma janga hula na wa kwao.

"Bosi, magoti yake yanamuuma," alisema Herieth. "Na kwetu mtu mzima hamwamkii mdogo."

"Si uliandika wewe?" Victor akacheka. "Mama, unajua wazo hili lote ni la nani? La huyu binti yenu. Ana kichwa huyu!"

Shangazi aligeuka akamtazama Herieth. Ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Ndiye aliyemfundisha kupiga magoti mbele ya wakubwa, akamchapa siku aliyopita bila kuamkia.

"Nilifikiria wasichana, Shangazi," Herieth alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo nirudi nyumbani? Nikalime wapi?"

Herieth akatazama vibanda vya wageni.

"Jua hilo limetoka," alisema mpiga picha. "Nipeni mtu wa kuwa mgeni."

"Simama wewe, Herieth," alisema Victor.

"Hapana, bosi. Huyu ni shangazi yangu."

"Sawa tu. Kama mama hawezi, aseme. Wenzake wapo nje wanasubiri." Alisema kwa upole, kama mtu anayekaribisha chai.

"Simama, mwanangu," alisema Shangazi. "Usiniharibie."

Herieth akasimama mbele yake. Shangazi aliinuka kidogo, akakung'uta changarawe zilizomganda magotini, kisha akashuka tena. Akapiga makofi taratibu, kama inavyotakiwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Herieth akatazama viatu vyake.

"Mwitikie basi," alisema Victor. "Tunachukua na video."

"Marahaba," alisema Herieth.

Kesho yake, Herieth akiwa kwenye duka lake la matangazo huko Milanzi, Victor alimpigia simu. Picha imetoka vizuri mno, hiyo ndiyo itakaa kwenye bango la barabarani. Ila viatu vya mgeni vinaonekana pembeni, vinaharibu. Aviondoe.

Vilikuwa viatu vyake. Herieth alivifuta kimoja kimoja, mahali pake akajaza nyasi. Shangazi akabaki peke yake kwenye picha, amepiga magoti, akiziamkia nyasi. Juu ya kichwa chake palikuwa na nafasi. Herieth akaweka pale nembo, matuta matatu ya kijani, akaituma kwa Victor.