Kaburi Lililopumua

Kahaso hakutaka kuzamia Ijumaa ile. Baba yake mdogo, Kambi, alikuwa bado mochari Malindi, azikwe kesho yake, na mtu mwenye msiba haonekani akihangaika na mitungi ya hewa. Lakini Idah alimsihi. Idah alikuwa mtafiti wa maji, ndiye aliyewakusanya wazamiaji wa kujitolea, kwa kuwa visima vya nyuma ya Dabaso vilikuwa vimeanza kuingia chumvi. Maji yote ya pango yalikuwa yameshachotwa na kupimwa, isipokuwa ya chumba cha ndani kabisa, pale chemchemi inapotokea mwambani. Kahaso akajiambia kwamba atatoka mapema, aoge, aende kwao kuungana na wafiwa.

Mwenzake majini alikuwa Nahashon, mtu wa bara aliyehamia Muyeye, ambaye kama yeye alipata riziki kwa kuwatembeza wageni chini ya bahari ya Watamu. Walijuana kiasi cha kutohitaji maneno. Idah alibaki mdomoni mwa pango, wao wakashuka, Nahashon mbele akifungua ugwe mwembamba nyuma yake. Bila ugwe ule hakuna kurudi. Baharini likikupata jambo, juu yako kuna anga. Pangoni juu yako kuna jiwe.

Safari zilizotangulia waliwakuta uduvi weupe wasio na macho wakirukaruka kwenye mwanga wa tochi. Safari hii uduvi walikuwa wamelala chini, wameenea kama wali uliomwagika. Kahaso aliwapita, chupa zake zikiwa bado tupu.

Chumba cha ndani kilikuwa kimebadilika. Zamani kilijaa maji hadi darini. Sasa maji yalikuwa yameshuka, na waliibuka vichwa katika uwazi mkubwa, mweusi, kuta zikichuruzika. Nahashon alimwonyesha kwa kidole asitoe kifaa cha kupumulia mdomoni, maana hewa iliyofungiwa hivyo huenda ni sumu. Kahaso alizijaza chupa zake, kisha wakatulia, wakimulika dari.

Ndipo waliposikia. Ngo. Ngo. Ngo. Chuma juu ya jiwe, palepale utosini pao. Kila pigo likaangusha changarawe majini. Kahaso alidhani ni masikio yake, hadi alipomwona Nahashon naye ameinua uso.

Kipande cha dari, ukubwa wa meza, kilibanduka kikaanguka kati yao.

Maji yakageuka tope. Tochi haikumwonyesha Kahaso hata kiganja chake mwenyewe. Alipapasa huku na huku akitafuta ugwe, akashika jiwe, akashika tope, akashika jiwe tena. Alijisikia akipumua haraka mno, akajua kwamba hewa yake anaimaliza kwa woga. Akajilazimisha kukaa tuli. Kisha mkono ukamfika begani, ukashuka hadi kifundo cha mkono, ukamfumbatisha vidole juu ya ugwe. Nahashon hakuuachilia mkono wake hadi walipouona mchana.

Walipomweleza Idah, aliwaambia kwamba maji ndiyo huibeba dari ya pango kama maji yabebavyo mashua. Pampu za visima zikiyanyonya, jiwe hubaki likining'inia peke yake. Wakaufuata mwelekeo wa ugwe juu ya ardhi, wakapita mashamba ya minazi na mihogo, Kahaso akizidi kuongeza mwendo kadiri njia ilivyozidi kuwa ile aijuayo. Iliishia uani kwao. Vijana walikuwa wakichimba kaburi la Kambi.

Baba yake mkubwa, Thoya, ndiye aliyesimamia msiba. Kahaso alimwamkia, akamweleza alichokiona, kwamba kesho watu watajaa ua huu, wacheze ngoma ya mazishi juu ya dari ambayo haina tena kitu cha kuishika. Thoya alimsikiliza kwa heshima yote, mbele ya mgeni wa bara na mtafiti, kisha akasema marehemu aliomba alazwe karibu na baba yake, na kauli ya maiti haivunjwi. Aliyechoka apumzike. Yeye mwenyewe ataimaliza kazi.

Akashuka kaburini na mtaimbo.

Kahaso alipiga magoti ukingoni. Kutoka chini, upepo mwembamba, wa baridi, ulimpiga usoni. Aliitambua harufu yake, ile ya mdomoni mwa pango.

"Baba mkubwa," akasema, "nipe mkono."

Thoya aliinua mtaimbo, akaushindilia. Haukulia. Ulimponyoka mikononi ukazama wote ardhini, kama sindano kwenye kitambaa. Watu wakasikiliza. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha, mbali sana chini, maji yakaitika.

Nahashon alijilaza kifudifudi, Kahaso akamshika miguu, wakamtoa mzee yule akiwa amejaa mchanga hadi kwenye ndevu.

Kambi alizikwa mwisho wa shamba, bila ngoma, watu wakisimama mmoja mmoja mbali mbali kana kwamba wamegombana. Thoya alitazama chini muda wote. Masika yalipoanza, ua ulibonyea, kisha ukafunguka mchana kweupe, ukameza jiko, choo na kaburi la babu. Walikuwa wameshahamia kwa jamaa kwa muda, kwa hiyo hakufa mtu.

Majibu ya maji yalipotoka, chumvi ilikuwa imepanda pango zima. Idah aliwaita wenye visima akawasihi wapunguze pampu. Wengine walipunguza. Wengine waliuliza mbona mashamba ya hoteli hayaulizwi.

Nyanya yake Kahaso, Hawe Kahonzi, mama yake Kambi, ndiye aliyekubali kwa shida kuhamia kiwanja kipya, karibu na barabara ya Malindi. Siku ya kusimamisha nguzo za kwanza, alimwita mjukuu wake kando.

"Hapa napo," akamuuliza, "umekwenda kupaangalia chini?"

Kahaso alitazama vijana wakichimba mashimo ya nguzo. Tawi moja la pango lilikuwa linaendelea upande huo. Katika safari zilizotangulia alikwisha kuliona likiingia gizani, pale ugwe ulipowaishia.

"Bado, hawe," akasema.