Skrubu ya Nne

Kaka mtu alirudi nyumbani na suti, mke na wazo. Suti ilikuwa ya kuazima, mke alikuwa wa halali, na wazo lilinuka maiti: alitaka kuifufua Chiriku.

Chiriku ilikuwa mashine ya gemu, ya kuchomeka kwenye televisheni. Baba yao ndiye aliyeibuni na kuiunda, kwenye karakana iliyokuwa uani, na kwa miaka michache hapakuwa na mtoto ambaye hakuililia. Ukiiwasha ililia kwanza kama ndege anayegombezwa, ndipo picha itokee. Kasha lake lilifungwa kwa skrubu nne. Tatu zilikuwa za chuma, na zilikazwa na wafanyakazi. Ya nne ilikuwa ya shaba, na hiyo ilikuwa ya Mzee peke yake. Aliichukua kila mashine, akaicheza mpaka akashindwa, kisha akaikaza skrubu yake kwa mkono, taratibu, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mfanyakazi aliyethubutu kuigusa ya nne alipigwa vifundo vya vidole kwa mpini wa bisibisi, akaambiwa akatafute baba mwingine wa kumlisha.

Hivyo ndivyo Chiriku ilivyokufa. Maduka yaliagiza kwa wingi, mashine zikarundikana uani zikingoja mkono mmoja, na wenye maduka, ambao hawakuwa na haja ya mkono wa mtu, wakaenda kununua kwingine.

Sasa Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kiharusi kilimpoozesha upande wa kushoto, kikamwachia mkono wa kulia unaotetemeka na ulimi mkali kama zamani. Aliyemwogesha, akamnyoa na kumgeuza kitandani alikuwa binti yake, mfamasia, ambaye alikuwa amehamia kwake na vitu vyake vichache na uchungu wake mwingi. Kaka yake, aliyeitwa Meneja tangu utotoni kwa sababu alipenda kuwatuma wenzake, alikuwa akipiga simu kila alipokumbuka, na hakuwa mtu wa kukumbuka sana.

"Hatukopi popote," Meneja alieleza siku ya kwanza, wote wakiwa mezani. "Tunachangisha mtandaoni. Wapenzi wa Chiriku wanalipa sasa, sisi tunatengeneza, halafu tunawatumia."

"Wanalipia kitu ambacho hakipo," dada yake alisema.

"Kitakuwepo."

"Kiwanda unacho?"

"Huko nje kuna watu wanatengeneza chochote unachotaka. Unawatumia mchoro tu."

"Mchoro unao?"

"Dada, wewe rudi kwenye vidonge vyako."

"Vidonge vyangu, mtu akilipa anaondoka navyo."

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Binti akapata nguvu. "Hao watu hawaikumbuki Chiriku, kaka. Wanakumbuka walipokuwa na miaka kumi, mama zao wako hai, magoti hayawaumi. Hicho ndicho unachowauzia, na hakuna ghala kinakotunzwa."

"Wifi yangu ana maneno," mke wa Meneja alisema bila kuinua macho kwenye simu. "Tumwandike awe msemaji wetu."

"Msemaji wa msiba," binti alijibu.

Mzee aliweka kijiko chini. "Nilidhani nitazikwa bila kuisikia tena ikilia," alisema. "Mwache mtoto ajaribu."

"Baba, mtoto huyu ana kipara."

"Na wewe una wivu."

Alilisema kama mtu anayeomba chumvi, kisha akaendelea kula. Binti hakulala vizuri siku hiyo, wala zilizofuata. Tangu hapo alitaka jambo moja tu: Mzee aone kwa macho yake mwenyewe mwanawe ni mtu wa namna gani, na aseme hivyo mbele ya watu, kwa ulimi ule ule uliomwita yeye mwenye wivu.

Mchango ulianza kwa filamu fupi. Ndani yake hapakuwa na gemu hata moja. Palikuwa na mkono wa Mzee, bisibisi, skrubu ya shaba, na kinanda kikilia kwa mbali. Kisha sauti ya Meneja, aliyoijaza asali: kila Chiriku mpya itafungwa kwa mkono ule ule. Wanaume wenye vitambi walilipa huku wakifuta machozi. Walitumiana picha za vyumba vya zamani, za televisheni zenye mgongo, za ndugu waliogombea zamu ya kucheza. Meneja aliwasomea wenzake jumbe zao mezani kila kukicha.

"Skrubu hiyo ndiyo iliyoiua Chiriku," dada yake alimwambia. "Na wewe umeigeuza kuwa ndiyo roho yake."

"Marehemu hasemwi vibaya," Meneja alijibu, akajimiminia chai.

Wenye mashaka hawakukosekana. Mmoja aliandika kuwa mkono ule ni wa kukodi, Mzee alishakufa, watu wanachezewa. Mwingine aliuliza mbona wanaonyeshwa kasha tu, gemu zenyewe ziko wapi. Meneja aliliona swali la pili akalipita kama hakulisoma. La kwanza alilirukia. Alitangaza kwamba Mzee ataifunga Chiriku ya kwanza mubashara, watu wote wakitazama, na asiyeamini aje na macho yake.

Kasha la mfano lilifika kutoka nje siku moja kabla, limeviringishwa kwenye nailoni. Meneja aliliweka mezani sebuleni, akaenda kutafuta mpiga picha. Mchana ule binti alikuwa akifuta vumbi. Aliliinua kasha ili apitishe kitambaa, nusura limruke mkononi, maana lilikuwa jepesi kama kopo tupu. Alilitazama vizuri. Skrubu tatu za chuma hazikuwa skrubu. Zilikuwa vichwa vya plastiki vilivyotoka pamoja na kasha kwenye kalibu na kupakwa rangi ya fedha. Ya nne ilikuwa ya shaba kweli. Aliigusa kwa ukucha, ikazunguka. Akaivuta, ikatoka bila ubishi. Tundu lake lilikuwa laini ndani, bila meno ya kuishika.

Kasha lilikuwa limebanwa kwa vibanio vya ndani. Alilifinya pembeni, likafunguka. Ndani mlikuwa na betri ndogo ya saa, kidude cha kutoa mlio kama kinachowekwa ndani ya wanasesere, na hewa.

Alilifunga tena, akairudisha skrubu mahali pake, akamalizia kufuta meza. Alikuwa akitabasamu. Lilikuwa tabasamu baya, na bahati yake sebuleni hapakuwa na kioo.

Jioni alimpelekea Mzee dawa. Mzee alimeza vidonge, yeye akameza maneno.

Asubuhi alimnyoa, akamvalisha shati jeupe ambalo kola yake ilikuwa imemzidi shingo. Mpiga picha alisimamisha taa mbili na kuisogeza meza karibu na dirisha. Mke wa Meneja alikaa pembeni na simu, kazi yake kusoma kwa sauti maneno ya watazamaji. Binti alisimama nyuma ya taa, na leso mkononi, kwa sababu Mzee akiinama sana mate humtoka upande uliopooza, na yeye huyafuta kabla mtu hajaona.

Meneja alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, hilo lazima lisemwe. Kisha akabonyeza kitufe na Chiriku ikalia. Ulikuwa mlio wenyewe hasa. Mzee alifumba macho, na kwa muda huo mfupi hata binti aliona aibu.

"Niunganishie televisheni," Mzee alisema. "Nicheze kwanza."

"Leo ni kufunga tu, baba. Kucheza kuna siku yake."

"Siku hizi mnafunga kabla ya kucheza?"

"Kwa ajili ya kamera, baba."

Mzee alimtazama mwanawe, akaitazama mashine, akaichukua bisibisi. Mkono ulitetemeka mpaka ulipogusa kichwa cha skrubu, hapo ukatulia kama umefika kwao. Akaanza kuzungusha.

"'Mkono ni wenyewe kabisa,'" mke wa Meneja alisoma. "'Mungu amtunze.' 'Niko kazini nalia, bosi ananishangaa.'"

Mzee alizungusha. Alitua kidogo, akainamisha kichwa, akazungusha tena.

"Safi sana, baba," Meneja alisema. "Inatosha."

"Haijashika."

"Imeshika, baba."

"Nimesema haijashika."

Akaendelea. Bisibisi iliteleza ikakwaruza plastiki. Aliirudisha kwenye skrubu, safari hii kwa kuitafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Jasho lilimtoka kwenye paji. Wifi mtu aliendelea kusoma, maana hakuna aliyemwambia aache, na hakuwa mtu wa kujiambia mwenyewe. "'Mbona anazungusha sana?' 'Babu yangu alikuwa hivi hivi siku za mwisho.' 'Jamani, hapo hakuna wa kumsaidia?' 'Mikono imekwisha, masikini.'"

Mate yalianza kumtoka Mzee. Yalishuka kidevuni, yakaning'inia juu ya kasha. Binti aliikaza leso kiganjani asisogee hata hatua. Bado kidogo, alijiambia. Ataliinua kasha mwenyewe. Ataliona lilivyo jepesi, atalipigiza chini mbele ya watu wote, na atamwambia.

Mzee aliinua kichwa. Hakumtazama Meneja wala kamera. Alitazama nyuma ya taa.

"Mama," alimwita binti yake, kama alivyomwita siku zote. "Hii skrubu ina nini?"

Sebule ilinyamaza, na binti akanyamaza nayo.

Aliyewahi alikuwa Meneja. Alipiga goti kando ya kiti, akaufunika mkono wa baba yake kwa mkono wake, akaigeukia kamera macho yamemlowa. Hakuna ajuaye aliyatoa wapi machozi yale. "Ndugu zangu," alisema, "mkono huu umetulea. Leo umechoka. Mmejionea wenyewe. Ndiyo maana tunawaomba msichelewe, tuikamilishe kazi hii baba angali nasi."

Mke wake alimwinulia dole gumba. Michango ilikuwa inapanda mbio, watu wakilipa na kuongeza, kila mmoja akimlilia babu yake mwenyewe. Aliyedai kwamba mkono ni wa kukodi aliomba radhi. Aliyeuliza gemu ziko wapi alitukanwa na wenzake mpaka akatoweka.

Taa zilipozimwa, mpiga picha alikunja nyaya zake akaondoka. Meneja na mkewe walitoka barazani na simu, na kicheko chao kikaingia kupitia dirishani. Mzee alibaki mezani, bisibisi bado mkononi.

Binti alimfuta kidevu. Kisha akalisema lile alilokuwa amelihifadhi, na alilisema kwa furaha, japo aliidhibiti sauti. "Tundu halina meno, baba. Halikuwa nayo tangu mwanzo. Hata kasha ni tupu. Mkono wako hauna kosa lolote."

"Najua," Mzee alisema.

"Unajua?"

"Nilijua mzunguko wa pili. Nimekaza skrubu maisha yangu yote, nitashindwaje kujua tundu bovu?"

"Sasa mbona uliendelea?"

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme."

Alijaribu kuiweka bisibisi mezani, ikambidi ajaribu tena ndipo vidole viiachie. "Wewe ulijua lini?"

"Jana."

"Jana ukinipa dawa, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba."

"Na asubuhi ukininyoa?"

"Nilitaka uone mwenyewe. Nilitaka watu wote waone."

"Waone nini? Kasha halikufunguliwa. Kilichoonekana ni mimi natokwa mate, na wewe una leso."

"Mwongo ni kaka, baba. Si mimi."

"Kaka yako mwizi," Mzee alisema, bila hasira, kama anayetaja urefu wa mtu. "Namjua tangu alipokuwa akiniibia betri karakanani. Mwizi simwogopi, najua anachotaka. Nilikuuliza wewe, mama. Sikumuuliza yeye."

Binti alifungua mdomo. Alikuwa na majibu mengi, yote ya haki. Ni yeye aliyeonya mezani. Ni yeye aliyeitwa mwenye wivu. Ni yeye aliyemwinua mtu huyu chooni miaka yote hii, huku mwingine akipiga simu akikumbuka.

Ilikuwa saa ya kuoga. Aliinama akafungua breki ya kiti, kama kila siku. Mzee akaushika mkono wake, akauondoa kwenye gurudumu.

"Acha. Niitie kaka yako aje aniogeshe."

"Hajui kukushika, baba. Atakuangusha."

"Ataniangusha," Mzee alikubali. "Mwite."

Akatoka barazani kumwita, na ilimbidi arudie mara mbili, kwa sababu walikuwa bado wanacheka.