Jeneza la Jumapili ya Tomaso

Jeneza lilifika Jumamosi mchana, limepigiliwa misumari pande zote, na juu yake karatasi: Kanisius, miaka ishirini na mitatu, kibarua wa shamba la michikichi, Malaysia. Malaria. Usifungue.

Usifungue! Kama vile ni kopo la sumu. Mama Odilia, mama mzazi wa Kanisius, aliisoma karatasi ile mara tatu, kitambaa alichokifuma kwa mikono yake kikiwa begani. Kwetu kisiwani Flores maiti hazikwi bila kuvikwa kitambaa cha mama yake, la sivyo mababu hawatampokea.

"Kitandike juu ya jeneza, shemeji," alisema Gaspar, mdogo wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa kigango. Yeye ndiye aliyempeleka kijana kwa wakala wa kazi, akala na wakala nguruwe wa kuagana.

"Juu ya mbao? Kwani mimi nimezaa mbao?"

"Serikali imeandika, Odilia. Uwe na imani."

"Imani baki nayo wewe. Mimi nataka kumwona mtoto wangu."

Wakakesha hivyo, jeneza kanisani mbele ya altare na mama mtu sakafuni kando yake. Usiku kucha alijiuliza kama Kani wake aliteseka, na kama kweli ndiye.

Asubuhi ilikuwa Jumapili ya pili ya Pasaka. Padri huku milimani huja mara moja kwa mwezi, akipenda. Jumapili nyingine tunasoma wenyewe kwa zamu, hata Injili, na zamu ilikuwa ya Odilia. Gaspar alimwekea mkono kitabuni.

"Umefiwa. Pumzika, nisome mimi."

"Jina langu liko kwenye orodha ya zamu ukutani, kwa mwandiko wako. Ondoa mkono."

Akasoma vizuri, sauti haikutetemeka: wanafunzi wamejifungia ndani, Tomaso hakuwapo, Tomaso amekataa kusadiki mpaka aguse. Alipofika pale Bwana anapomwambia alete kidole chake, akaacha kusoma. Watu wakaanza kukohoa.

"Ndugu zangu," alisema, "kila mwaka tunamcheka huyu Tomaso. Mbishi, tunasema, kichwa kigumu. Lakini Bwana alimfanya nini? Alimwambia: mkono huu hapa, ubavu huu hapa, gusa. Hakumwambia kuna karatasi."

"Maliza somo!" Gaspar alisimama. "Umebakiza mstari! Wa heri wale wasioona, wakasadiki!"

"Njoo uusome wewe, ukinitazama usoni."

Gaspar hakwenda. Odilia akafunga kitabu, akamgeukia Bernadus seremala. "Lete mtaimbo, mwanangu."

"Nitamwambia padri!" Gaspar alijitandaza mbele ya jeneza.

"Mwambie. Na askofu pia."

Bernadus alimsukuma mwenyekiti kwa bega, taratibu kabisa, akang'oa misumari. Harufu ya dawa ikawatoa wengine nje. Uso ulikuwa umevimba, uso wa yeyote yule. Odilia akafunua plastiki miguuni. Kanisius alivunjika mguu alipokuwa na miaka tisa, ukaunga kombo, akatembea kombo maisha yake yote. Miguu hii ilikuwa imenyooka, yote miwili.

"Si yeye," alisema. Kisha akapiga kelele. "Si Kani! Huyu si Kani wangu!"

Weee! Kanisa lililipuka kwa aleluya. Gaspar huyohuyo alilia machozi, akiwakumbatia watu. "Yu hai! Sikuwaambia? Mtoto wetu yu hai!" Mtu akakimbilia kengele na kuipiga kama mwendawazimu. Na Odilia, Mungu amsamehe, alicheka. Kando ya maiti ya mtoto wa mwenzake alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Dereva wa gari la maiti, aliyelala kijijini kwa sababu mvua ilikata barabara, alikuwa mlangoni. Yeye hakuimba. Alikuja polepole, akachuchumaa mbele ya Odilia.

"Mama, yalikuwa mawili."

"Mawili nini?"

"Majeneza. Ndege moja. La pili nililipeleka Ijumaa, kule pwani."

Odilia akaacha kucheka. "Wakalifungua?"

"Hapana. Yule mama alipoambiwa asifungue, alipiga ishara ya msalaba tu. Padri akamsifu mbele ya watu wote, akasema hiyo ndiyo imani. Wakazika siku ileile."

"Kwa jina gani?"

"Rofinus."

Odilia alimtazama kijana aliyelala mbele yake na miguu yake mizuri. Kisha akainua kichwa.

"Mnyamazisheni huyo anayepiga kengele," alisema. "Rofinus ana mama yake, na hajui kwamba aliyemzika ni Kani wangu."