Kura ya Magunia

Bambo la kuchomea magunia lilizama kwenye gunia la mbele kwa mkwaruzo mdogo, likatoka na mchele, na Mzee Bakili mwenye duka akaumwaga kiganjani mwa Sitara kama mtu anayefunga kesi.

"Tazama mwenyewe. Punje ndefu, kavu, mchele wa msimu uliopita. Huu ukigeuka uji, mama, basi aliyeugeuza ni mpishi."

Sitara alitafuna punje mbili tatu. Zilikatika kwa mlio, kama mchele uliokomaa unavyokatika. Mchele ulikuwa mzuri, na hapo ndipo palipomuuma. Pilau la harusi ya Jumamosi alilipika yeye, kwa mchele uliotoka duka hili hili la Mtaa wa Sikukuu, na lilipofunuliwa mbele ya wakwe, jamaa wa bibi harusi, upande mmoja lilikuwa bokoboko, upande mwingine lina kiini kigumu.

Tangu siku ile Magomeni ilikuwa na la kusema. Abdulrazak, ami yake bwana harusi, ndiye aliyeleta hukumu: Ijumaa Sitara abebe sinia la halua, aende kwa wakwe, akae mkekani na kuomba radhi mbele ya watu. Akikataa, Abdulrazak atapita kila nyumba yenye shughuli awaambie wasimwite. Na Sitara alikuwa anakula kwa kuitwa. Hakuwa na duka wala mume. Alikuwa na masufuria na mkono wake.

"Mchele niliununua mimi," alisema Abdulrazak, aliyekuwa ameegemea mizani. "Nilichoma bambo mwenyewe, magunia haya haya."

"Yapi, ami?" aliuliza Zamzam, binti yake Sitara. Alikuwa anasoma takwimu chuoni.

"Haya ya mbele. Ulitaka nitambae mpaka darini?"

"Na yaliyopakiwa kwenye mkokoteni yalitoka wapi?"

Abdulrazak alimtazama Mzee Bakili. Mzee Bakili akatazama mlango wa nyuma. Mbele ya duka wamachinga walikuwa wamepanga ndoo na sufuria mpaka kwenye lami, na mkokoteni haukuweza kusogea. Mizigo yote ilitokea uchochoroni, na kuli alibeba gunia lililo karibu na mkono wake. Mtaa mzima ulichoma bambo mbele na kupakia nyuma, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

"Mzigo ni mmoja," alisema Mzee Bakili. "Lori moja, dalali mmoja."

"Basi wa nyuma hautatuumbua," alisema Sitara. "Tuutoe, niupike hapa hapa, muone."

"Uupike wewe?" Abdulrazak alicheka puani. "Si utazidisha maji unapopataka?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Sitara, tena lenye pilipili. Zamzam akamshika mkono.

"Ana haki, mama. Usipike wewe. Wala usichague gunia. Ukichagua wewe watasema umetafuta baya, akichagua mzee atatafuta zuri. Iachie kura."

Sitara alimtazama mwanawe. Kumwambia mpishi akae mbali na moto ni sawa na kumwambia mwimbaji afunge mdomo. Lakini aliikunja khanga yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Haya. Sijui hiyo kura yako inajua kupika, lakini haya."

Zamzam akapita na chaki, akiandika namba kwenye kila gunia, la mbele na la nyuma, la juu na la chini, huku makuli wakimmulikia kwa simu. Kisha akakata vikaratasi, kila namba na chake, akavikunja.

"Kofia yako, mzee."

"Kofia yangu ya Iddi?"

"Vua tu, mzee," alisema kuli mmoja. "Kipara hakiibwi."

Vikaratasi vikatikiswa kofiani, na Abdulrazak mwenyewe akachomoa, macho yameelekea barabarani. La kwanza lilikuwa la mlangoni. La pili lilikuwa chini kabisa, ukutani, na makuli wakaguna.

"Kura gani hii isiyo na huruma? Haioni magunia ya juu?"

"Haioni chochote," alisema Zamzam. "Ndiyo maana nimeileta."

Magunia sita yakatolewa. Kila moja likachomwa juu, katikati na chini, mchele wake ukatiwa bakuli lenye alama aliyoijua Zamzam peke yake. Kupika wakampa Hyasinta, mama lishe wa uchochoroni, mtu wa Songea, ambaye hakujua ugomvi ulikuwa wa nani na wala hakutaka kujua. Sufuria za namna moja, kikombe kimoja cha kupimia mchele na maji, chumvi sawa, hakuna kiungo.

"Lile jiko la pembeni lina moto mkali," alilalamika Mzee Bakili. "Mchele wangu ukikaa pale utaonewa."

"Umesema kweli," alisema Zamzam, akatikisa tena kofia. Safari hii kura ikapanga sufuria ipi ikae jiko lipi.

Kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko harusi yenyewe. Hyasinta alikoroga pale ambapo Sitara hangegusa, akafunika akiwa amechelewa. Mikono ya Sitara ilijifinyanga mapajani.

"Dada, ukinitolea macho hivyo wali wangu utaungua."

"Pika, mama. Mimi leo ni mgeni."

Sufuria zikafunuliwa. Tatu zilikuwa na wali wa kuchambuka, punje na punje. Nyingine tatu zilikuwa zimeshikana. Hyasinta aliinamisha mwiko na tonge halikuanguka.

"Mkono mmoja, maji mamoja," alisema Sitara.

Zamzam akageuza mabakuli na kusoma alama. Wali uliochambuka ulitoka magunia ya mbele. Ulioshikana wote ulitoka upande wa mlango wa nyuma.

Mzee Bakili alikaa. Uso ulimsawijika kwa aibu, na Sitara aliona kwamba haikuwa aibu ya mwizi.

"Dalali aliniambia mzigo ulipelea," alisema taratibu. "Akajazia njiani, kumbe mchele mpya, hata haujakauka vizuri. Uliopakiwa mwisho ndio ulioshuka kwanza, ukaenda nyuma, ukakaa pamoja na magunia machache ya zamani. Wallahi sikuwahi kuuchoma, mama. Bambo langu linaishia mbele."

"Nakuamini," alisema Sitara.

Abdulrazak alichota kwenye sufuria moja, akachota kwenye nyingine, akatafuna kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nimeona. Mchele mpya na wa zamani kwenye sufuria moja, hata malaika angeshindwa. Mkono wako hauna kosa, Bi Sitara."

"Ahsante."

"Lakini wakwe wameshaambiwa Ijumaa. Mkeka umeshatajwa. Nikienda kuwaeleza habari za kura na kofia watanicheka. Wewe njoo tu, neno moja, nimekosa, yaishe. Halua nanunua mimi. Na kila nyumba nitakayopita nitakusifu."

Makuli waliacha kusogeza magunia. Zamzam akaanza kukusanya mabakuli. Hili halikuwa lake.

Sitara alisimama, akachukua tonge la wali wa kuchambuka, akalila bila haraka mpaka likaisha. Akajifuta vidole kwenye upindo wa khanga.

"Ijumaa nitakuja," alisema. "Nitakuja na masufuria, na mchele nitakaouchoma mwenyewe mpaka wa nyuma kabisa, niwapikie wakwe wale washibe. Mkekani nitakaa kama anavyokaa mgeni. Radhi siombi, Abdulrazak."