Kisanduku cha Kuosha Picha

Mwuza nyama mmoja, aliyejibandika mwenyewe jina la Kisiki, alikuwa na projekta sebuleni na picha iliyofifia kama dirisha lenye mvuke. Mpira ulitazamika hivyo hivyo. Tatizo lilikuwa video ya harusi yake. Marehemu baba wa mkewe alikuwamo, ila uso wake ulikuwa doa tu. Kila ikiwekwa, mkewe alisogea mpaka ukutani, akalitazama lile doa, kisha akarudi kukaa. Hapo roho ilimuuma Kisiki kwelikweli.

Akaambiwa dawa ipo: prosesa ya video, kisanduku kinachokaa kati ya deki na projekta, na kuiosha picha kabla haijafika ukutani. Basi akafunga bucha mapema, akabeba diski ya harusi, huyo dukani.

Sasa, lazima mjue jambo moja. Kisiki hajawahi kulia maishani. Ndivyo asemavyo yeye. Kwenye video ile anaonekana yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, na kitambaa cheupe kikipepea katikati yao. Kisiki amewasimulia watu wote, mpaka wateja wanaosubiri maini, kwamba shemeji aliangua kilio na yeye ndiye aliyemfuta machozi. Maskini shemeji alikana mpaka akachoka. Nani amsikilize? Jina la Bwana Kitambaa likamganda.

Muuzaji akaunganisha visanduku viwili, akaweka diski. Cha kwanza kilikoleza rangi, lakini nyuso zikabaki ukungu. Cha pili, lo! Baba mkwe huyo hapo, na pengo lake, na kovu la kidevuni. Kisiki akacheka kwa furaha. Kisha kikaja kitambaa. Aliyekuwa akibubujikwa na machozi, na kamasi juu yake, ni bwana harusi. Shemeji hana hata tone. Anamfuta tu, polepole, kama anayemnawisha mtoto.

Muuzaji akajitia kutazama dari. Kisiki akasema atachukua cha kwanza, maana hiki cha pili kinazidisha chumvi. Kikafungwa. Akafika nacho mlangoni, akasimama. Akilini alimwona mkewe amesimama ukutani na doa lake. Akajitukana kimoyomoyo, akarudi kaunta.

"Nipe hicho kimbea," akasema.

Jioni ndugu walialikwa kuja kutazama, naye akamwomba Mungu shemeji awe na safari. Wapi! Ndiye aliyetangulia kufika, akakamata kiti kizuri.

Mkewe alipomwona baba yake alijishika mdomo. Akasema kumbe baba alivaa ile kofia aliyomfumia yeye. Akacheka, akalia, akacheka tena. Kisiki akaona liwalo na liwe, amefanya la maana. Ndipo kikaja kitambaa.

Shemeji akaweka kikombe chini taratibu. Akaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Akaomba tena. Watoto walikuwa wamelala sakafuni, mbavu hawana.

Kisiki akamgeukia mkewe, akaanza kujikanyaga: mara taa za mpiga picha, mara vumbi la ukumbini.

"Unanieleza mimi?" mkewe akamkatiza. "Si nilikuwa nimekaa ubavuni kwako?"

Shemeji akaruka kitini. Yaani dada yake alijua, akamwacha aitwe Bwana Kitambaa miaka yote hiyo? Dada akakiri bila hata kuona haya. Siku ile ile ya harusi baba yao alimwinamia, akamnong'oneza.

"Aliniambia, 'Mtu anayelia hivi hatakunyanyasa, mwanangu. Mwache ajisifu atakavyo.' Nikamwacha."

Pale ukutani baba mkwe alikuwa ametulia, akimtazama bwana harusi na kutabasamu. Miaka yote, ungejuaje doa linamtazama nani? Kisiki akafungua mdomo ajitetee, machozi yakamtangulia. Shemeji wala hakumcheka. Alitia mkono mfukoni, akatoa kitambaa.